Upande wa Tangi

Edith aliliona kosa akiwa bado juu ya pikipiki. Alikuwa anatoka Nkwenda, amekumbatia vipande vinne vya mfereji wa bati alivyokunjiwa na fundi mmoja pale sokoni, na njia nzima alikuwa akimsihi dereva apunguze mwendo, mifereji isije ikapinda. Walipofika kwenye kona iliyo chini ya kibanja chao cha Nyakasimbi, akainua macho aitazame nyumba yake. Bati zilikuwa juu tayari. Zilikuwa zinang'aa kweli, na zote zilikuwa zimeinamia barabarani.

"Nishushe hapa," akamwambia dereva.

"Mama, si nyumba ni ile pale? Nikufikishe tu na mzigo wako."

"Nimesema nishushe hapa."

Akashuka, akailaza mifereji kwenye nyasi, akasimama mikono kiunoni. Nyumba ile ilikuwa ya paa la mteremko mmoja. Kwa makubaliano, upande wa mbele, wenye mlango, ndio uwe juu, na upande wa nyuma uwe chini, ili mvua ikinyesha maji yote yateleze kwenda nyuma, yaingie kwenye mfereji, na kutoka kwenye mfereji yaingie kwenye tangi. Jambo hilo alilisema mbele ya fundi Mbonimpa mara tatu. Mara ya tatu aliokota kijiti akalichora chini, akamwambia fundi arudie kwa mdomo wake mwenyewe, na fundi akarudia. Leo asubuhi ameondoka, amerudi mchana, paa limegeuzwa. Juu kumekuwa nyuma, chini kumekuwa mbele. Maji yote ya mvua yatamwagika kwenye kizingiti cha mlango wake, na tangi litabaki likikinga vumbi.

Na lile halikuwa tangi la kuchezewa. Tangi lile lilitangulia nyumba. Wanawake kumi na wawili wa jumuiya walikuwa na utaratibu wa kujengeana matangi kwa zamu, na zamu ya Edith iliangukia wakati kuta zake ziko usawa wa madirisha. Angeipisha ile zamu angengoja miaka miwili wenzake wamalize. Kwa hiyo wakajenga tangi kwanza. Walisomba mawe kwa vichwa, wakasomba mchanga, wakalisimamisha upande wa nyuma, upande wa mlimani, kwa sababu huko ndiko kwenye ardhi ngumu. Mbele, barabarani, ni udongo wa kujazia, ungetitia tu. Tangi likakauka, likapigwa lipu, likasimama peke yake mwaka mzima na nusu pembeni mwa kuta zisizo na paa. Wapita njia walimtania Edith kwamba anangoja maji aletewe kwa basi. Alicheka nao. Kisha kila alfajiri alibeba dumu lake akateremka bondeni kuchota maji, akapanda nalo.

Hatua arobaini tu kutoka kwake, juu kidogo mlimani, kulikuwa na tangi jingine limejaa maji, na bomba lake lina kufuli. Hilo lilikuwa la shemeji yake Polikarpi.

Polikarpi ndiye kaka mkubwa wa Novatus, mume wa Edith. Tangu baba yao afariki, yeye ndiye msemaji wa mambo ya familia: harusi, mahari, mipaka, misiba, hata na jina la mtoto akijisikia. Mtu akimwona kanisani angedhani hajawahi kumkanyaga hata sisimizi. Na leo, Edith alipoingia uani, alimkuta ameketi kwenye kiti chake yeye Edith, kiti pekee chenye mgongo, anakula ndizi alizozipika yeye Edith alfajiri kwa ajili ya mafundi. Mbonimpa na mwenzake Eliud walikuwa wamekaa juu ya magogo, sahani mapajani. Walipomwona, vijiko vikasimama. Novatus alikuwa amesimama kando anatazama ndala zake.

Edith alikuwa amefura, lakini salamu ni salamu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Mama Vero. Umechelewa. Tumeshakupauia nyumba."

"Naona. Fundi, paa langu limeelekea wapi?"

Mbonimpa akaweka sahani chini. Alikuwa mtu mzima, kazi yake safi, wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na hadi leo, akisimama mbele ya wenye ardhi, alikuwa na tabia ya kuvua kofia hata kama kosa si lake. Akaivua.

"Mama, sisi tulikuwa tumeshasimamisha kenchi mbili za paa kama tulivyokubaliana. Mzee akaja. Akasema tuzigeuze. Nikamwambia mwenye nyumba ametuchorea. Akasema mwenye nyumba ni mdogo wake, na mdogo wake huyu hapa. Nikamuuliza Baba Vero."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu, mama. Tukageuza."

Tuseme ukweli, mtu yeyote angechemka. Edith alimtazama mumewe, na mumewe akazidi kuzikagua zile ndala, utadhani zina maandishi.

Polikarpi akafuta vidole, akaanza kueleza taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kusali. Katika familia yao, alisema, tangu enzi za babu yao, nyumba ya mdogo haimpi kisogo mkubwa. Nyumba yake yeye iko juu. Nyumba hii iko chini. Kama paa lingeinamia nyuma, upande wa mlimani, yeye akiamka asubuhi angekuwa anatazama kisogo cha nyumba ya mdogo wake. Watu wangesema nini? Sasa anatazama upande ulioinuka, na heshima imekaa mahali pake. Maji ni maji tu, yakianguka mbele wataweka ndoo.

"Shemeji," Edith akasema, "enzi za babu watu waliishi kwenye msonge. Msonge ni duara. Mvua ikinyesha maji yanaanguka pande zote. Kisogo cha msonge ni upande usio na mlango, basi. Hakuna babu aliyewahi kuzungumzia mteremko wa bati, bati zenyewe hakuziona. Kama ni mlango, mlango wangu umeelekea barabarani tangu siku ya msingi, na wewe ulikuwepo, ukala, ukanywa pombe ya rubisi, hukusema neno."

"Mama Vero, mambo ya ukoo hayafafanuliwi na aliyeolewa."

Aliyeolewa. Miaka kumi na moja amelima kibanja hiki. Matofali ya nyumba hii amefyatua mwenyewe, udongo akiukanyaga kwa miguu yake, na tanuri alililinda mpaka likapoa. Kahawa anachuma yeye. Akifa atazikwa hapa hapa, nyuma ya migomba. Lakini ni aliyeolewa, kama mgeni aliyepita kuomba maji, na maji yenyewe ananyimwa.

Akamgeukia Novatus. "Baba Vero. Na wewe sema."

"Ni kaka," Novatus akasema polepole. "Ningesema nini?"

Hayo ndiyo maneno aliyoyachoka Edith kuliko maneno yote duniani. Ningesema nini. Polikarpi aliposogeza mpaka wa migomba hatua tatu, Novatus angesema nini. Polikarpi alipoweka kufuli kwenye bomba, akisema watu wanamaliza maji, Novatus angesema nini. Si kwamba hakuwa mume mwema. Alikuwa mwema mno. Hakulewa, hakupiga, aliamka mapema, na mbele ya kaka yake alikuwa hana ulimi. Edith alitamani siku moja akiamka amkute ana kaubaya kadogo, ka kutosha kazi ya mchana mmoja.

"Fundi," akasema, "ng'oeni. Mgeuze."

Mbonimpa akakuna kichwa. "Mama, kenchi zinageuka, si tatizo, kuta zako ziko sawa pande zote. Ila bati zimeshapigwa misumari. Tukizing'oa zinabeba matundu yake. Papi za chini, mbao zinazobeba bati, hazitalingana tena na matundu yale, kwa hiyo mengine yatabaki wazi. Tutaziba kwa lami na vipande vya mpira, lakini sikudanganyi, patavuja sehemu sehemu."

"Patavuja ndani?"

"Ndani, mama. Bati mpya kabisa, na patavuja."

Edith akalitazama paa. Alikuwa ameliota paa lile mwaka mzima na nusu. Katika ndoto zake halikuwa na tundu hata moja.

"Tundu linazibika," akasema. "Hilo jingine haliwezi kuzibika. Ng'oeni."

"Hakuna atakayeng'oa kitu," Polikarpi akasema, wala hakupandisha sauti. "Fundi, kaa ule."

Na fundi akakaa. Hapo ndipo Edith alipoelewa kwamba kweli anaweza kushindwa. Angeweza kupiga kelele mpaka jioni, na jioni watu wangekumbuka kelele tu. Wangesema mke wa Novatus ana mdomo, na mvua ingekuja kama inavyokuja kila mwaka, imkute na tangi kavu na mlango uliojaa matope, na kesho yake alfajiri angebeba dumu.

Wakati huo huo mama yao akatokea kwenye njia ya juu, anateremka taratibu kati ya migomba, dumu la njano mkononi. Kokwijuka alikuwa na umri ambao hakuna aliyeuandika popote. Nyumba yake ndogo, iliyojengwa na marehemu mumewe, ilikuwa juu kabisa, nyuma ya nyumba ya Polikarpi. Watu wote wakasimama isipokuwa Polikarpi. Akasalimiwa, akaitikia mmoja mmoja, akamuuliza hata Eliud habari za mkewe aliyejifungua. Ndipo akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Polikarpi, nimekuja kuomba ufunguo. Umeondoka nao mfukoni asubuhi. Maharage yangu bado makavu."

"Nakuja, mama. Ngoja tumalize mazungumzo haya."

Mama akatafuta mahali pa kukaa. Hakukuwa na kiti kingine. Akaketi juu ya dumu lake.

Edith alimtazama mama mkwe akiwa juu ya dumu tupu, akainua macho akatazama mlimani. Aliviona vitu alivyoviona kila siku kwa miaka tisa. Nyumba ya Polikarpi, bati la mteremko mmoja. Upande wa mbele umeinuka, unatazama barabarani. Upande wa nyuma umeinama, na chini yake mfereji, na chini ya mfereji tangi, na kwenye tangi kufuli. Na nyuma ya tangi, hatua kumi tu, mlango wa mama. Akashangaa jinsi mtu anavyoweza kutazama kitu miaka yote hiyo asikione.

"Shemeji," akasema, na safari hii hata yeye alijisikia jinsi sauti ilivyotulia. "Naomba kuuliza jambo moja tu, halafu nanyamaza. Nyumba yako imempa nani kisogo?"

Polikarpi akafungua mdomo. Macho yake yakaenda mlimani kabla hajayazuia, na macho ya wengine wote yakafuata. Mbonimpa, ambaye ndiye aliyeipaua nyumba ile miaka tisa nyuma kwa maagizo ya mwenyewe, akaivaa kofia yake, akaivua tena.

"Hiyo ni tofauti," Polikarpi akasema.

"Ni tofauti namna gani? Mama si mkubwa kwako?"

"Mama ni mwanamke. Utaratibu huu ni wa wanaume. Yeye hahesabiki humo."

Aliyasema hayo mama yake ameketi hatua mbili kutoka kwake. Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Aliyasema kama mtu anayetaja siku ya mnada. Kokwijuka alilishika lile dumu kwa mikono miwili, pande zote mbili, mtu anavyoshika kiti kinachotaka kuanguka.

"Basi nikimaliza kuhesabiwa," akasema baadaye kidogo, "mnipe ufunguo, nikapike."

Edith alikuwa na maneno mengi mdomoni, na yote yalikuwa ya haki yake. Hakuwahi kuyasema. Novatus alikuwa ameshaondoka pale aliposimama. Alikwenda mpaka alipoketi Mbonimpa, akainama, akachukua nyundo ya kung'olea misumari iliyokuwa kando ya sahani, akaishika ngazi, akapanda.

"Novatus," Polikarpi akasema. "Shuka."

Novatus akafika juu. Hakuwa mtu wa kupanda mapaa. Alitambaa kwa magoti, bati zikilalamika chini yake. Akafika kwenye safu ya kwanza, akaingiza kucha ya nyundo chini ya msumari, akavuta. Msumari uligoma, kisha ukatoka ukipiga yowe, ukaviringika kwenye mteremko mpya wa Polikarpi, ukaangukia mbele ya mlango.

"Novatus, nasema shuka."

"Kaka," Novatus akasema, hajageuka, sauti inatetemeka waziwazi, "wewe niseme mimi, nimezoea. Mama humsemi hivyo." Akaingiza nyundo chini ya msumari wa pili. "Fundi, unapanda au nibomoe mwenyewe? Mimi sijui kazi hii. Nitaziharibu."

Mbonimpa alimtazama Polikarpi, akamtazama Edith, akamtazama bibi yule juu ya dumu. Akachukua nyundo ya Eliud, akaijaribu uzito mkononi, akapanda. Eliud akafuata, bado anatafuna.

Polikarpi akainuka. Akasema ukoo utakaa. Akasema kuna watu wanaongozwa na wake zao kama mbuzi wa mnada. Akapanda mlima kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo akaondoka na ufunguo mfukoni. Edith akaingia ndani, akatoa dumu lake alilolichota bondeni alfajiri, lililobaki nusu, akamiminia mama mkwe maji yote. Kisha akamwambia ahamie kwenye kiti chenye mgongo.

Kugeuza kulichukua siku mbili. Mbonimpa aliziba matundu kwa lami na vipande vya mipira ya baiskeli, akiyatafuta moja moja dhidi ya mwanga wa jua, na alikataa katakata kuacha kazi kabla hajaona mfereji umekaa. Hata hivyo alisema ukweli tangu mwanzo. Mvua ya kwanza ilipopiga, saa nane za mchana, ilivuja chumbani sehemu mbili, sebuleni moja, na moja juu kabisa ya kitanda. Edith alisogeza kitanda. Akaweka beseni. Halafu akatoka, akasimama nyuma ya nyumba mvua ikimnyeshea, asikilize. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tangi, mwanzo kwa kishindo cha kitu kitupu, halafu sauti ikaanza kunenepa. Alilia, na hakuona haya. Hasira yake ilikuwepo bado, imekaa pale pale. Ilikuwa imepata kazi ya kufanya, basi.

Ukoo ulikaa kweli. Wanaume wanane walikutana kwa Polikarpi, wakaamua kwamba Novatus amemvunjia heshima kaka yake kwa kumkatalia mbele ya mafundi, alete kibuyu cha rubisi aombe radhi. Edith aliposikia alitaka kwenda huko na mwiko. Watu wanane wenye nywele za mvi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu kufuli. Hakuna aliyeuliza nani amesema nini juu ya nani. Waliuliza tu nani alipanda ngazi.

"Nitaipeleka," Novatus akamwambia. "Rubisi ni rubisi. Paa haligeuki tena."

Akaipeleka, akapiga magoti, akaomba radhi vizuri. Edith hakumsamehe kwa hilo mpaka wiki ilipoisha, na hata sasa akikumbuka hunyamaza ghafla katikati ya maneno mengine.

Lakini kila asubuhi Kokwijuka aliteremka na dumu lake la njano, akapita ubavuni mwa nyumba ya Polikarpi, akaja mpaka kwenye tangi la Edith, ambako bomba halikuwa na kufuli wala halikuwahi kuwa na mahali pa kuliweka. Dumu likijaa, Novatus alilibeba begani akamsindikiza mlimani. Njia ilipita mbele ya mlango wa kaka yake. Kila siku, dumu begani, maji yakimchuruzika shingoni, Novatus alisimama pale akasema, "Shikamoo kaka," na kila siku Polikarpi alilazimika kuitikia, na majirani wakasikia.

Iliendelea hivyo karibu mwezi. Kisha asubuhi moja kufuli halikuwepo. Polikarpi alikuwa amesimama kando ya tangi lake, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka tu kutazama hali ya hewa. Mama yake akatokea mlangoni na dumu, akaja mpaka usawa wake.

"Mama," akasema, "bomba liko wazi."

Kokwijuka akasimama. Akalitazama bomba, akamtazama mwanawe aliyemzaa kwanza, akalihamishia dumu mkono wa pili.

"Nimeona, mwanangu," akasema, akaendelea kuteremka.